Korosho za Mama na Figo Yangu ya Kushoto

Jumapili, Novemba. Nachingwea.

Leo joto limeamka kabla yangu. Mawingu yamejikusanya upande wa Ruangwa tangu asubuhi, lakini ni vitisho tu, mvua ya kwanza bado. Nimerudi kutoka kwa mama, kijijini Nambilanje, saa nne. Nimeegesha pikipiki, nimeoga, nimekunywa lita nzima ya maji kama nilivyoamriwa, na sasa nimekaa barazani na simu mkononi. Nina hasira na nina raha, vyote kwa pamoja, na sina mpango wa kuchagua kimoja.

Nianze na lile ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Mnaosoma blogu hii mmezoea kusikia kwamba nina "matatizo ya tumbo". Nimeandika hivyo kila nilipokosa kwenda harusini, kila nilipokatisha safari, kila Ramadhani niliyokula mchana nikiwa nimejifungia jikoni. Nilikuwa nawazuga. Nilikatwa utumbo kwa hiari yangu ili nipungue unene. Miaka kumi na miwili iliyopita, huko India, madaktari walinitengenezea mfuko mdogo wa tumbo usiozidi yai la kuku, wakauunganisha moja kwa moja na utumbo wa chini. Sehemu kubwa ya utumbo wangu ikaachwa pembeni, haipitishi chakula. Ninachokula kinaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma kabla hakijasalimiana na wenye nyumba.

Haya, nimesema.

Kazi yangu mnaijua. Ni karani wa mizani katika ghala la chama cha msingi cha wakulima. Msimu kama huu mkulima analeta magunia yake ya korosho, mimi napima, nasoma, naandika. Niliianza nikiwa msichana, nikaiacha nilipoolewa, nikairudia nilipoachika. Wakati ule wa usichana nilikuwa mnene. Sisemi ule unene wa kusifiwa na mashangazi. Nilikuwa mnene wa kuvunja viti vya plastiki msibani.

Siku moja tulikuwa tunasubiri lori. Wachukuzi hawana kazi, jua kali, na mmoja wao alikuwa Hemedi, mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo mtani wangu. Kwetu mtani akikutania hukasiriki. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Hemedi akasema, "Tumpime na Somoe, tumpeleke mnadani." Wakanivuta mpaka juu ya mizani huku wakicheka, na mimi nikacheka kuliko wote ili nisionekane sijui utani. Kilo mia moja thelathini na nane. Hemedi akachukua chaki akaiandika ile namba kwenye ubao wa ghala, chini ya jina la mkulima wa kijiji cha Kiegei aliyekuwa ametangulia.

Ilikaa ubaoni mpaka jioni.

Sikuifuta. Kuifuta kungekuwa kukubali kwamba imeniuma. Nilipita mbele yake mchana kutwa nikiandika kilo za watu wengine, na wakulima waliokuja nyuma wakauliza hilo ni gunia la nani. Nilijibu mimi mwenyewe, kwa sauti ya kuchekesha, kila mara.

Baadaye nikaolewa na mfanyabiashara wa ufuta. Mwanzoni alinisifu, kisha akaanza kutembea hatua tano mbele yangu tukiwa mjini. Ndiye aliyeleta habari za hospitali ya India, maana biashara ilimfikisha huko. Wengine wangependa niseme nilisukumwa. Sikusukumwa. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza, kwa sababu ile namba ya chaki ilikuwa bado iko machoni mwangu. Miaka mitatu baada ya upasuaji akaoa mke wa pili, mnene kuliko nilivyowahi kuwa mimi. Nilicheka mpaka nikaomba talaka.

Mama nilimwambia nakwenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Uongo ule ulinifaa mara mbili, ulieleza kovu na ulieleza kwa nini sizai. Watoto hawakuja, na sababu yake haijulikani na yeyote. Mama akaacha kuuliza habari za wajukuu. Akaanza kuniombea dua kila Ijumaa, akiombea kizazi ambacho hakikuwa kimeumwa hata siku moja. Nilimsikia akiomba na nikanyamaza. Hilo ndilo linalonitia aibu, wala si utumbo.

Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa raha tupu, na sitamruhusu mtu aninyang'anye raha hiyo kwa sababu ya yaliyofuata. Nilinunua gauni dukani likiwa limeshashonwa. Nilipanda bodaboda na dereva hakugeuka kuangalia tairi. Nilipita mbele ya wale wachukuzi nikiwa na kilo sabini na mbili, na nikanunua soda mbele yao, nikainywa nusu, kwa sababu tumbo halikubali zaidi, nikawaachia iliyobaki kama malkia.

Waliponiruhusu hospitalini waliniambia vidonge ni vya maisha yote. Vya vitamini, vya madini ya chokaa, vya kuongeza damu. Na vipimo kila mwaka. Mwaka wa tatu nikaacha. Huku kwetu ukiulizia vidonge vile duka la dawa wanakuuliza mimba ina miezi mingapi. Nilichoka kujibu, na nilijiona mzima. Kosa hili ni langu na silitupi kwa mtu mwingine.

Kisha mwili ukaanza kudai chake, kidogo kidogo. Haja mara sita kwa siku, mara nane, siku mbaya mara kumi na mbili. Na upepo wake, Mungu anisamehe, unaofukuza watu barazani. Navijua vyoo vyote kati ya Nachingwea na Ruangwa, cha msikiti upi kina maji na cha shule ipi hakina mlango. Nilijifunza kuendesha pikipiki kwa ajili hiyo hiyo, maana basi halisimami kwa sababu ya tumbo la mtu mmoja. Watu wanadhani ni ujeuri, mwanamke wa miaka arobaini na tatu na ushungi wake juu ya pikipiki. Kumbe ni tumbo, na sasa ni ujeuri pia.

Kifundo cha mkono kilivunjika nikisukuma gunia ambalo halikujaa hata nusu. Meno mawili yalitoka yenyewe. Miguu inakufa ganzi. Na macho, ikikaribia magharibi, yanafifia, namwona mtu kama kivuli mpaka aongee. Niliambiwa ni upungufu wa vitamini, na yamepata nafuu kidogo tangu nirudie vidonge, lakini hadi leo sithubutu kushika pikipiki jua likishazama.

Watu wakasema nina ngoma. Wakasema yule mume amenitupia kitu. Nilipokuwa mnene walisema namaliza chakula cha ukoo, nilipokonda wakasema ukoo unamalizwa kwa siri. Nikapima virusi mara mbili na kuviringisha majibu kwenye mkoba, nikisubiri mtu wa kumwonyesha. Hakuna aliyeuliza. Wanaosema hawaulizi.

Mama naye hakuuliza. Mama alipika.

Kwetu mtu akikonda dawa inajulikana. Hukimbilii nyama, unakimbilia korosho. Unazibangua, unazitwanga, unazitia kwenye mchicha, kwenye kisamvu, kwenye mboga yoyote iliyo mbele yako. Asubuhi uji wa ufuta. Mchana mboga ya karanga. Katikati korosho za kukaanga, kiganja baada ya kiganja, na chai ya rangi ya kushushia. Mama ana mikorosho ya marehemu baba, na kwa miaka minane kila mwezi alinijazia kopo la maziwa ya unga, kopo kubwa, korosho alizobangua mwenyewe mpaka vidole vikawa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Anafunga kifuniko kwa kitambaa, analifunga kopo kwenye pikipiki yangu kwa mpira, anagonga juu yake mara mbili. Maana yake umalize.

Nilimaliza. Kila mwezi nilimaliza.

Mwezi uliopita maumivu yaliniangusha ghalani, upande wa kushoto wa mgongo, makali kiasi kwamba nilitapika juu ya daftari la mizani. Nikafikishwa hospitali kubwa. Wakakuta mawe kwenye figo, moja limeshuka na kuziba njia ya mkojo. Wakazibua. Kisha daktari mmoja, dada mdogo mwenye sauti ya upole, akakaa pembeni ya kitanda changu na kuniuliza nimewahi kupasuliwa nini. Kwa mara ya kwanza nikasema kweli kwa mtu. Akauliza ninakula nini. Nikamtajia kwa majivuno kabisa, korosho, ufuta, karanga, mchicha, kisamvu, chai, nikidhani atanipongeza kwa kujitunza.

Akaweka kalamu chini.

Alinieleza kwa kuchora. Ndani ya vyakula vile kuna chumvi fulani. Mtu mwenye utumbo mzima, madini ya chokaa yaliyomo kwenye chakula yanaikamata ile chumvi na inatoka na haja, haina neno. Kwangu mimi mafuta hayasagwi, kwa hiyo yanayakamata madini ya chokaa yenyewe, na ile chumvi inabaki peke yake. Inapenya, inaingia kwenye damu, inakwenda kuganda kwenye figo na kuwa mawe. Figo ya kushoto imeshaumia. Ikiziba tena inaweza kufa, na ya kulia nayo ina mchanga. Akasema kuna njia mbili. Moja ni kurudi kwenye meza ya upasuaji, utumbo uunganishwe upya kama zamani, na unene huenda ukarudi. Nyingine ni nijaribu kwanza miezi sita, maji mengi, vidonge bila kukosa, maziwa au dagaa kwenye kila mlo, mayai, nisiguse vile vyakula, na nijipime uzito kila wiki nimpelekee. Figo ikishindwa kutulia, tunarudi kwenye njia ya kwanza bila mjadala.

Halafu akasema neno ambalo nimetembea nalo wiki tatu. Wanaokupikia lazima wajue, dada, la sivyo watakuua kwa upendo.

Kwa hiyo nilikuwa nimepigwa marufuku kuwa mtu wa kusini, na hilo ningelimeza. Nililoshindwa kulimeza ni kwamba ili nipone ilinibidi nimwambie mama mambo mawili kwa siku moja. Kwamba nilimdanganya miaka kumi na miwili. Na kwamba mkono wake ndio uliotia mawe kwenye figo yangu. La kwanza ningelisema. La pili nilikuwa tayari kupoteza figo kuliko kulisema.

Naandika hivi nikiwa na akili zangu. Nilikuwa tayari kweli. Kopo la mwezi uliopita nililigawa ghalani, nikamwambia mama nimemaliza.

Jana ilikuwa hitima ya baba, mwaka mmoja tangu atutoke. Nambilanje yote ilikuwa pale, na wengine kutoka Matambarale. Baada ya kisomo kikaja chakula, na watani ndio waliokuwa wakigawa, kama desturi. Hemedi akiwa mbele yao, sasa ana mvi na kitambi, anapita na masinia akimrushia kila mtu maneno. Mama akatoka jikoni na sahani yangu peke yangu. Aliipika mbali na ya watu. Mchicha uliojaa korosho zilizotwangwa, mzito, unang'aa mafuta, na pembeni kisosa cha korosho za kukaanga.

"Kula, ntoto wangu," akasema mbele ya wanawake wote. "Kula urudishe mwili."

Kukataa sahani ya mama kwenye hitima ya baba si jambo dogo. Nilishika kijiko. Nikakiangalia. Ndipo Hemedi akasimama juu yangu na sinia lake.

"Jamani, nani kaleta fagio kwenye shughuli?" akasema. "Alaa, kumbe Somoe! Mama, mfunge kamba, upepo usije ukampeleka Ruangwa."

Wakacheka. Na mimi, mwoga mkubwa, nikaona upenyo. Nikafikiri kama ni utani hakuna atakayeumia, ukweli utapita katikati ya vicheko na mama ataupata bila kuchomwa. Nikajibu kwa sauti ile ile ya ghalani, "Hemedi, nilikwenda India nikakatwa utumbo ili usinipime tena kama gunia."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji.

Nikasema tena, "Kweli, utumbo wangu uko pembeni, hauna kazi." Wakacheka zaidi. Shangazi mmoja akanipiga begani, akasema sijapoteza ulimi hata nikipoteza nyama. Mama naye alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka huku akinisogezea kisosa cha korosho.

Nikaweka kijiko chini. Nikasema kwa mara ya tatu bila kucheka, nikimwangalia Hemedi. Kwamba siku ile ya mizani, ile namba ya chaki, niliibeba mpaka India. Kwamba sikuwa na uvimbe wowote. Kwamba nilikatwa utumbo ili nipungue, na sasa mifupa na macho vinadaiwa, figo imetiwa mawe, na daktari amenikataza korosho.

Vicheko viliisha kimoja kimoja, kama watu wanaokumbuka wameacha kitu jikoni. Hemedi alikuwa wa kwanza kunyamaza, kabla ya wote, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwepo ghalani siku ile. Sinia lilikuwa bado mkononi mwake na mchuzi unamwagikia viatu.

Mama alikaa chini pale pale aliposimama.

Nilitaka kumwinua, akanizuia kwa kiganja. Wanawake wakaona haya, wakaanza kukusanya vyombo. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwili ule nliutengeneza mimi, Somoe. Ulikwenda kuukata bila kunambia."

Ningeweza kuomba radhi hapo hapo, na kila mtu alisubiri niombe. Kwa ule uongo nimeomba radhi, na nitaiomba tena. Ya kukatwa sikuomba. Nilimwambia mama kwamba alinitengeneza vizuri, hakukosea popote, lakini aliyesimama juu ya mizani mbele ya wanaume nilikuwa mimi. Kwamba sikuwa mjinga, nilikuwa nimechoka.

Akaangalia ile sahani. Niliona linamjia, na sikuwa na namna ya kulizuia.

"Na hizi korosho," akauliza, "ndo mawe yenyewe?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kwa hiyo nkono wangu."

Nilimwambia mkono wake haukujua. Nilimwambia asiyejua hana kosa, aliyejua akanyamaza ndiye mwenye kosa, na huyo ni mimi. Akavua mtandio, akajifunika uso, akalia. Na mimi nikalia, si kwa uzuri, kwa kamasi. Sikujutia kusema. Nilijutia kwamba nilichelewa mpaka nikahitaji vicheko vya watu ili nifungue mdomo.

Alipofunua uso machozi yalikuwa yamekauka na hasira imeingia mahali pake, na hasira ya mama naijua. Hakunigeukia mimi. Aligeuka polepole mpaka akampata Hemedi, ambaye alikuwa anatafuta njia ya kupita nyuma ya jiko.

"Nani alimpima ntoto wangu?"

Hemedi akajaribu kusema ulikuwa utani. Mama akasema utani una faini. Nami nikakumbuka kwamba kweli, una faini, na kwa miaka yote hii sijawahi kudai. Mtani akikuzidi unachukua chochote chake unachokitaka, na yeye hana ruhusa ya kununa. Nikasimama. Hemedi ana kuku wa mayai, kila mtu Nambilanje anajua anavyojisifu nao. Nikasema nataka watatu, majike, wanaotaga, na asiniletee wazee. Wanawake wakapiga vigelegele, na safari hii walikuwa wanacheka upande wangu.

Jua lilikuwa linashuka, macho yangu yameanza kuwafuta watu, nikalala kwa mama.

Leo alfajiri Hemedi amekuja na kuku watatu waliofungwa miguu. Hakutania. Amewaweka kwenye tenga, amelifunga tenga nyuma ya pikipiki yangu, amehakikisha kamba halafu amehakikisha tena. Akasema huyo mwekundu anataga kila siku. Watani hawaombani radhi, kwa hiyo nimeipokea hivyo hivyo. Sijamsamehe bado. Huenda nikamsamehe kuku wakitaga.

Baada ya sala mama alitoka na kitu chini ya khanga akaenda kwa jirani, akarudi akajifungia jikoni. Nilipowasha pikipiki akatoka na kopo. Kopo ni lile lile, kitambaa kile kile kwenye kifuniko, nikadhani yote ya jana yamepita bure. Akaliweka mikononi mwangu.

Mimi ni karani wa mizani. Mkono wangu ulijua kabla sijafungua. Lilikuwa jepesi.

Dagaa. Wakavu, wadogo, na mifupa yao, wamechambuliwa mmoja mmoja na kutolewa mchanga. Amekwenda kubadilisha korosho zake kwa dagaa wa jirani, kopo kwa kopo, yeye ambaye hajawahi kumwachia mtu korosho zake kirahisi. Alilifunga kwenye pikipiki kwa mpira, akagonga juu ya kifuniko mara mbili.

Nimelia kutoka Nambilanje mpaka karibu na mjini, na nimesimama njiani mara tatu tu, jambo ambalo kwangu ni ushindi.

Sasa nisikilizeni, ninyi mtakaoandika hapo chini kwamba nilijitakia. Ndiyo, nilijitakia. Nilitaka kupita mahali bila kugeuzwa kichekesho, na nikalipa kwa utumbo wangu. Yeyote anayefikiria kufanya nilichofanya aende kwa daktari, aulize maswali mpaka achukiwe, na aambiwe ya mwaka wa kumi, siyo ya mwaka wa kwanza tu. Vidonge asiviache. Na awaambie wanaompikia. Lakini asiniletee mtu mahubiri kuhusu mwili niliopewa na Mungu, kama siku ile ghalani alikuwa miongoni mwa waliocheka.

Nitafanya miezi sita yangu. Figo ikitulia, alhamdulillah. Isipotulia nitarudi mezani, waunganishe walichokitenga, na nikinenepa nitanenepa. Naogopa, sidanganyi. Naogopa kisu kuliko kilo, na miaka kumi na miwili iliyopita ilikuwa kinyume chake.

Kuku mwekundu ameshaanza kuchakura chini ya mwembe wa jirani na jirani ameshaanza kulalamika. Maji lita ya pili imebaki nusu.

Kesho ghala linafunguliwa saa mbili. Daktari anataka uzito wangu kila wiki, na mizani ninayoijua ni ile ile. Wiki tatu nimekuwa nikiikwepa, napima mji mzima isipokuwa mimi. Kesho, kabla ya gunia la kwanza, wachukuzi wakiwa wamesimama pale, nitavua viatu na kupanda mwenyewe. Nitasoma mwenyewe. Nitachukua chaki na kuandika Somoe, na mbele yake namba itakayokuwa, juu kabisa ya ubao.

Itakaa hapo mpaka jioni.